NANI ATABADILISHA BETRI?
Historia fupi ya umeme wa Nakivale na majirani zake

Katika toleo hili la kumbukumbu, Kamati imeona vema kuweka katika maandishi historia ya jambo linalozungumzwa katika kila kaya ya makazi yetu, nalo ni umeme. Waganda huuita masannyalaze, Wanyarwanda huuita amashanyarazi, Wasomali huuita koronto. Kila lugha ya Nakivale ina jina lake, na kila mtu ana maoni yake kuhusu nani alaumiwe taa inapozimika.

Hatuandiki ili kulaumu. Tunaandika kwa sababu mitambo midogo ya umeme inayohudumia kijiji kimoja au mtaa mmoja, ambayo wataalamu huiita gridi ndogo, inazidi kuenea Afrika Mashariki, vijijini na katika kambi za wakimbizi. Ni habari njema. Lakini mgeni hukaribishwa kwa kuulizwa habari za atokako. Mitambo ya namna hii si mipya katika nchi hizi. Iliyotangulia, mingine imeishi na mingine imekufa, na sababu za kufa kwake zinajulikana. Anayezijua hatashangaa kesho.

KAMBI NA BWAWA NI WA RIKA MOJA

Bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza mwezi Aprili 1954. Shirika la umeme la Uganda, UEB, lilikuwa limeundwa mwaka 1948 ili kulijenga na kuliendesha. Bwawa lilipokamilika lilikuwa na mashine kumi zenye jumla ya megawati 150, nguvu iliyozidi kwa mbali mahitaji ya nchi wakati ule.

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walipokuwa wakivuka mpaka na kuingia Ankole. Kwa hiyo kambi yetu, mojawapo ya kambi za zamani kuliko zote barani Afrika, na bwawa lile la Jinja ni wa rika moja. Miaka minne tu inawatenganisha. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi sana hawakukutana.

Msomaji atauliza: ikiwa umeme ulikuwa mwingi, kwa nini haukufika? Jibu ni kwamba umeme wa bwawa kubwa humfuata mteja mkubwa. Nguzo, nyaya na transfoma hugharimu fedha kwa kila kilomita, na kilomita moja inayoishia kiwandani hurudisha gharama yake haraka kuliko kilomita kumi zinazoishia kwenye vibanda vya wakulima. Ndiyo sababu shaba iliyochimbwa Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, ilipakiwa kwenye treni ikapelekwa hadi Jinja kuyeyushwa. Ilikuwa rahisi kusafirisha mawe kufuata umeme kuliko kupeleka umeme kwenye mawe. Kadhalika, kwa makubaliano ya mwaka 1955, Uganda ilikubali kuiuzia Kenya megawati 30. Umeme ulivuka mpaka kwenda nchi nyingine huku vijiji vilivyo karibu na mto wenyewe vikiwasha koroboi.

Kisha zikaja taabu za siasa na vita. Mwezi Februari 1979 Mbarara, mji wetu mkubwa, ulitekwa katika vita kati ya Tanzania na serikali ya Idi Amin, na sehemu kubwa ya majengo yake ikabomolewa. UEB nayo ilikosa vipuri na mafundi. Ilipofika mwaka 1986, kati ya zile megawati 150 za Owen Falls zilizokuwa zikifanya kazi ni 60 hivi. Hata mwaka 2001, serikali ilipoandika mpango wake wa kusambaza umeme vijijini, ilikiri kwamba katika kila kaya 100 za vijijini ni 1 tu iliyokuwa na umeme. Kwa hiyo giza la Nakivale halikuwa la wakimbizi peke yao. Mnyankole jirani yetu, aliyetupokea katika ardhi yake, alikaa katika giza lile lile.

MITAMBO MIDOGO YA KWETU

Hata hivyo, si kweli kwamba kusini magharibi mwa Uganda kulisubiri Jinja peke yake. Tuna mifano mitatu ya mitambo midogo, na kila mmoja una funzo lake.

Wa kwanza ni Kikagati, kwenye mto Kagera, katika wilaya yetu hii ya Isingiro. Zamani palikuwa na mtambo mdogo wa maji uliohudumia machimbo ya bati. Ulikuwa umeme wa mwajiri: mgodi ukiwa hai, taa zinawaka. Vita vya 1979 vilipopita mpakani, mtambo ule ulikufa, na hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa na haki wala uwezo wa kuufufua. Maji yaliendelea kupita pale bure kwa zaidi ya miaka arobaini. Tarehe 25 Mei 2023, Rais Yoweri Museveni wa Uganda na Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania walizindua hapo mtambo mpya wa megawati 14, ambao umeme wake hugawanywa kati ya nchi hizo mbili.

Wa pili ni Maziba, karibu na Kabale, mtambo wa megawati 1 uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huu ulikuwa wa shirika la taifa. Ulifanya kazi kwa miaka mingi, lakini shirika la taifa lilikuwa na makao yake mbali, na mtambo mdogo ulio mbali huwa mtoto wa mwisho kukumbukwa chakula kinapogawanywa. Hatimaye ulisimama.

Wa tatu ni Kisiizi, katika wilaya ya Rukungiri. Hospitali ya Kisiizi ilianzishwa mwaka 1958, yaani mwaka ule ule wa Nakivale, na Dakta John Sharp, katika majengo ya kilichokuwa kiwanda cha kitani kando ya maporomoko ya maji. Katikati ya miaka ya 1980 hospitali iliweka mashine ndogo ya kilowati 60 inayozungushwa na maporomoko hayo. Ilikuwa ya kuangazia wodi na chumba cha upasuaji. Mnamo 2009 ikaongezwa mashine kubwa zaidi, ya karibu kilowati 300, na nyaya zikatoka nje ya ua wa hospitali hadi kwa wafanyabiashara na kaya za jirani, kila mmoja akilipa kwa alichotumia.

Kati ya mitatu hii, ni Kisiizi peke yake uliodumu bila kukatika kizazi. Kwa nini? Maji ya Kisiizi si bora kuliko ya Kikagati. Tofauti ni kwamba mwenye mtambo anaishi pale pale. Mashine ikiharibika usiku, daktari mwenyewe ndiye anayekosa taa juu ya meza ya upasuaji, na asubuhi fundi anatafutwa. Pili, jirani hulipa, na malipo yake hurudi kwenye matengenezo ya mtambo ule ule. Mambo haya mawili, mwenye mtambo aliye karibu na fedha inayorudi kwenye mashine, ndiyo tutakayoyaona tena na tena katika historia hii.

JENERETA: GRIDI NDOGO ISIYO NA JINA

Wanyarwanda wengi wa rika la kwanza walirudi kwao baada ya 1994. Lakini Nakivale haikubaki tupu. Vita vya Kongo vya 1996 na 1998 vilileta ndugu zetu kutoka Kivu. Wasomali, Waethiopia na Waeritrea walifuata, na kuanzia 2015 walikuja Warundi wengi. Kambi iliyoanza kama mahali pa wafugaji na wakulima ikawa na masoko, hoteli, vinyozi, mashine za kusaga na vibanda vya video.

Hawa wote walihitaji umeme na hawakungoja mradi. Mtu alinunua jenereta Mbarara, akaifunga nyuma ya duka lake, akatoa waya hadi kwa kinyozi jirani, na wa pili, na wa tatu. Kila mmoja alilipa kwa siku au kwa taa. Hakuna aliyeuita mpango ule gridi ndogo, lakini ndivyo ulivyokuwa: mtambo mmoja, nyaya, wateja na mwenye kukusanya pesa.

Ndugu zetu Wasomali walikuwa na uzoefu mkubwa zaidi katika jambo hili. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, shirika la umeme la taifa liliangamia nalo. Wafanyabiashara wakanunua jenereta, kila mtaa na wake, wakavuta nyaya juu ya mapaa, na mwanzoni walitoza kwa idadi ya balbu kwa kuwa mita hazikuwapo. Baadaye kampuni za mtaa ziliungana zikawa kubwa zaidi, kama ilivyotokea Mogadishu mwaka 2014. Ni ushahidi kwamba watu wanaweza kujiletea umeme bila serikali. Lakini ni ushahidi pia wa gharama yake, kwani mahali pengine uniti moja ilifikia dola 1 ya Marekani, bei ambayo maskini hawezi kuigusa. Huko Kakuma nchini Kenya, wafanyabiashara wakimbizi nao walifanya vivyo hivyo kwa jenereta zao.

Ubaya wa jenereta haumo katika bei ya kuinunua, bali katika tumbo lake. Hula dizeli au petroli kila saa, na huila vibaya zaidi inapofanya kazi ndogo. Jenereta kubwa inayowasha taa chache tu usiku huchoma mafuta mengi kwa umeme kidogo. Barabara ya Mbarara ikiharibika kwa mvua, au bei ya mafuta ikipanda, mtaa mzima unalala mapema.

JUA LINAINGIA SOKONI

Umeme wa jua si mgeni Uganda. Mwaka 1998 ulianza mradi wa majaribio wa kusambaza umeme wa jua vijijini kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Wakati ule paneli ilikuwa kitu cha hospitali, misheni na tajiri. Mambo mawili yalibadilisha hali. Kwanza, bei ya paneli katika soko la dunia ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya 2009 na 2019. Pili, simu ya mkononi ikawa benki. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na MTN ikaanza huduma kama hiyo Uganda mwaka 2009. Kampuni ziliweza sasa kumpa mtu taa na paneli kwa mkopo, akalipa kidogo kidogo kwa simu, na asipolipa kifaa kikajifunga chenyewe.

Huu ulikuwa ukombozi wa kweli kwa kaya nyingi. Mtoto alisoma usiku, simu ikachajiwa nyumbani, moshi wa koroboi ukaondoka. Lakini tuseme kweli: taa ya jua ya nyumbani ni taa, si kazi. Paneli ya wati 20 inatosha balbu chache na simu. Mashine ya kusaga mahindi ya kawaida inataka kilowati 7 au 8, yaani mara mamia ya paneli ile, na wakati wa kuwaka mota huvuta kwa nukta chache nguvu mara tano au zaidi ya hiyo. Friji ya chanjo inataka umeme usiku na mchana. Pampu ya kuvuta maji kutoka ziwa Nakivale hadi kwenye matangi inataka nguvu za saa nyingi. Mambo haya hayaendeshwi na paneli ya juu ya paa la udongo.

Hapo ndipo gridi ndogo inapoingia. Badala ya kila kaya kuwa na paneli yake dogo, paneli nyingi huwekwa pamoja uwanjani. Umeme wake huingia kwenye betri kubwa na kifaa kiitwacho inveta, kinachougeuza uwe kama ule wa Jinja. Nguzo huupeleka kwenye nyumba na maduka, na mita za kulipia kabla, kama zile tunazozijua kwa jina la Yaka, huhesabu matumizi. Faida yake ni kwamba watu hawatumii umeme wote saa moja. Fundi wa kuchomelea anautumia mchana jua likiwa kali, mwenye nyumba anautumia jioni, hospitali inautumia usiku wa manane. Mtambo mmoja unawatosha wote kwa zamu ambayo hakuna aliyeipanga.

Hasara yake iko kwenye betri. Paneli nzuri hukaa miaka 20 na zaidi. Betri za kawaida za risasi na asidi, zikikamuliwa hadi mwisho kila usiku, hazifiki miaka mitano. Zile za lithiamu hukaa zaidi, lakini nazo zina mwisho. Kwa hiyo kila gridi ndogo ya jua inazaliwa ikiwa na deni: siku moja betri itakufa, na mtu atatakiwa kutoa fedha nyingi kwa mara moja. Sisi wakazi wa Nakivale tumeshaliona deni hilo. Kuna taa za barabarani zilizoletwa na mfadhili mmoja, zikasimikwa kwa sherehe, zikawaka. Betri zilipochoka, mradi ulikuwa umekwisha muda wake, na nguzo zikabaki zimesimama gizani.

MAJIRANI WAMEFANYAJE?

Tutazame kwa majirani. Huko Mpeketoni, katika Lamu, wananchi walianzisha mradi wao wa umeme wa dizeli mwaka 1994, ukiwa chini ya uangalizi wa wenyeji wenyewe. Watafiti walioufuatilia waliandika kwamba maseremala na washona nguo waliopata umeme walizalisha zaidi kwa siku, na mapato yao yakaongezeka. Umeme haukuleta maendeleo kwa sababu ya taa. Uliyaleta kwa sababu ya randa na cherehani. Na waliozalisha ndio waliokuwa na uwezo wa kulipa.

Ndugu zetu wa Kongo wanajua habari za Virunga. Hifadhi hiyo ilijenga mtambo mdogo wa maji Mutwanga mwaka 2013, kisha Matebe, Rutshuru, wenye megawati 13.8, mwaka 2015. Kampuni ya Nuru, iliyoanzia Beni mwaka 2017, ilifungua Goma mwaka 2020 mtambo wa jua wa megawati 1.3. Miji iliyozoea giza ilianza kuona maduka yakifunguliwa usiku. Lakini Januari 2025 vita vilipoifikia Goma, nyaya za umeme ziliharibiwa na mji ukakosa umeme na maji. Wengi wetu tunatoka huko huko, na hatuhitaji kufafanuliwa maana yake. Mtambo haujengwi juu ya udongo na saruji tu, hujengwa juu ya amani.

Katika kambi za wakimbizi, mifano mikubwa ilianzia Jordan. Kambi ya Azraq ilipata mtambo wa jua mwezi Mei 2017, na Zaatari ikapata wake, mkubwa zaidi, mwezi Novemba mwaka huo huo. Yote miwili ilijengwa kwa fedha za wafadhili. Nchini Kenya, makazi ya Kalobeyei karibu na Kakuma yalipata gridi ndogo ya jua ya kampuni ya biashara mwaka 2019, ambayo iliongezwa baadaye, na wakazi hulipia kwa simu. Hizo ni njia mbili tofauti. Katika ya kwanza mkimbizi ni mpokeaji, katika ya pili ni mteja. Njia ya tatu, ambapo mkimbizi ana sauti katika uendeshaji, bado ni nyembamba sana.

Nchini Uganda, Sheria ya Umeme ya 1999 ilivunja ukiritimba wa UEB na kuruhusu mitambo isiyozidi nusu megawati kufanya kazi kwa cheti cha msamaha badala ya leseni kamili. Mwaka 2020 zikatolewa kanuni za gridi zilizojitenga. Mradi uliosaidiwa na Umoja wa Ulaya na Ujerumani ulipanga gridi ndogo katika vijiji vya Lamwo, kaskazini, ambako nako kuna wakimbizi, na vijiji vya Rakai na Isingiro, upande wetu. Wizara ya nishati nayo ilitayarisha mpango wa nishati kwa wakimbizi na wenyeji wao wa miaka 2022 hadi 2025. Kwa maneno mengine, mlango wa sheria uko wazi kuliko zamani.

GRIDI YA TAIFA NAYO INAKUJA

Wako wanaosema: kwa nini tuhangaike na mtambo mdogo, wakati nguzo za taifa zinakaribia? Swali lao ni la haki. Kuanzia Machi 2005 usambazaji wa umeme ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Umeme kwa mkataba wa miaka 20, nao ulikwisha mwisho wa Machi 2025. Tangu Aprili 2025 kazi hiyo imerudi kwa shirika la serikali, UEDCL. Bwawa la Karuma, lenye megawati 600, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, na leo Uganda ina umeme mwingi kuliko inavyoweza kuutumia. Baadhi ya sehemu za makazi yetu, hasa karibu na Base Camp, zimefikiwa na nyaya za taifa.

Lakini kuwa na nguzo mlangoni si kuwa na umeme. Wakazi wa Mbarara wanajua hivyo tangu 2005 na 2006, maji ya Ziwa Victoria yalipopungua na nchi nzima ikawa inapewa umeme kwa zamu. Mwisho wa waya mrefu ndio wa kwanza kukatika kwa upepo na wa mwisho kutengenezwa. Tena, nyaya za taifa zikipita kwenye barabara kuu, anayekaa Juru au Rubondo, mbali na barabara, hazioni.

Rai yetu ni kwamba viwili hivi si maadui. Gridi ndogo iliyojengwa kwa nguzo na nyaya za kiwango cha taifa inaweza kuunganishwa na ile kubwa siku itakapofika, ikaendelea kutoa umeme wake pale kubwa inapokatika. Iliyojengwa kwa nyaya za ovyo itang'olewa na kutupwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza kila anayeleta mradi ni hili: nguzo zako zitapokelewa na UEDCL, au hapana?

HOJA YA «KAMBI NI YA MUDA»

Kikwazo kikubwa kuliko vyote si jua wala fedha, ni neno moja: muda. Kwa miaka mingi imesemwa kwamba kambi ni ya muda, na kwa hiyo hakuna haja ya kuweka kitu cha kudumu. Makazi yetu yamepita miaka 60. Waliozaliwa hapa wana wajukuu. Kila mwaka ulihesabiwa kuwa wa mwisho, na kila mwaka yakanunuliwa mafuta ya jenereta badala ya mtambo, kwa sababu mafuta huingia katika bajeti ya mwaka mmoja na mtambo hauingii. Hivyo ndivyo kitu cha muda kinavyogharimu kuliko cha kudumu.

Na tukirudi makwetu, kama tunavyoomba Mungu, mtambo hautapotea. Wanyarwanda waliporudi, visima na mashamba yalibaki yakatumiwa na wengine. Ardhi hii ni ya Uganda, na utaratibu wa nchi hii unataka sehemu ya misaada, asilimia 30, iwafikie wenyeji. Umeme utakaobaki Isingiro utakuwa shukrani yetu kwa waliotupokea.

YALIYO MBELE YETU

Mwaka 2025 ulitufundisha kwa ukali. Fedha za wafadhili zilipopungua, Shirika la Chakula Duniani liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda katika mgawo wa chakula. Ikiwa posho imekatwa, hakuna atakayekuja kutubadilishia betri. Ndiyo maana swali la kichwa cha makala hii si la mafundi peke yao.

Ndani ya Kamati maoni yametofautiana. Wapo wanaosema mwenye njaa asitozwe umeme, na kwamba kituo cha afya kipewe bure. Wapo wanaosema cha bure hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hufa. Wote wana sehemu ya haki. Baada ya kusikilizana, tumekubaliana juu ya mambo manne ya kuyadai katika kila mkutano utakaohusu umeme:

1. Mfuko wa betri uanze siku ya kwanza, ukiwa na akaunti yake na hesabu inayobandikwa hadharani. Kwa mfano tu: kaya 200 zikiweka shilingi 2,000 kila mwezi, kwa miaka 5 zinapatikana shilingi milioni 24. Hazitoshi betri zote, lakini zinatosha kutufanya tusiwe ombaomba wa kila kitu.

2. Anayepata faida alipe zaidi. Mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea na mwenye friji za soda walipe kwa uniti, na kaya ya mjane mwenye balbu mbili ipate bei ya chini. Kituo cha afya na shule zisikatiwe, lakini ankara zao ziwe na jina la taasisi inayozilipa. Neno «bure» lisitumike kuficha deni.

3. Mafundi wafunzwe kutoka miongoni mwa vijana wetu na vijana wa wenyeji, wake kwa waume. Fundi anayetoka Mbarara huja baada ya siku kadhaa na hulipwa nauli. Fundi wa mtaani huja kwa miguu, na akiharibu kazi tunajua nyumba yake.

4. Wakazi wawe na viti katika bodi ya kila mtambo, si kwa ajili ya kupiga makofi wakati wa uzinduzi, bali kwa kuona mapato na matumizi na kusema hapana inapobidi.

Ndugu wasomaji, tusidanganyane kwamba umeme utamaliza shida zetu. Jiko la kuni litaendelea kuwaka kwa muda mrefu, kwa kuwa kupika kunataka nguvu nyingi kuliko taa. Lakini usiku mama anapojifungua, mkunga ahitaji kuona anachokifanya. Hilo si jambo la anasa, wala si la kungoja hadi itakapoamuliwa kama sisi ni wa muda au wa kudumu.

Tunawaomba wenyeviti wa vijiji vyote, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo, wayasome mambo haya manne katika mikutano yao na kuleta maoni kwa katibu wa Kamati. Ambaye hajui kusoma asomewe. Atakayekuwa na hoja bora kuliko hizi aseme, na itaandikwa.

Kamati ya Jumuiya, Nakivale